Jina la Kompyuta Liliitwa Kanisani

Kwa msomaji aliyenikuta njiani leo, nitasema kwa kifupi tulikotoka, kisha twende pamoja.

Jina langu ni Kapinga, mama wa Gaëlle. Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mume wangu Floribert alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Aliwanunua Kilwa ya huku kwetu Kongo, kando ya ziwa, akawauza hapa mjini. Katika safari yake ya mwisho boti ilizama ziwani. Wenzake walipatikana, wengine hai, wengine maiti. Yeye hakuonekana kabisa. Gaëlle alikuwa na miaka minane. Tulizika koti lake, tukamaliza matanga.

Baada ya hapo nilianza masomo ya jioni. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi tayari, na namshukuru Mungu kwa kila herufi. Kaka yangu alipomtumia Gaëlle kompyuta, ya kwanza katika ukoo wetu, nilijiandikisha kusoma kompyuta pia. Sikutaka mtoto wangu aingie katika nyumba ambayo mimi mama yake sijui mlango wake uko wapi.

Nilijifunza kuifunga. Nilimtengea Gaëlle sehemu yake ndani ya kompyuta, isiyofungua kila tovuti. Niliweka saa ya kuizima. Niliandika orodha ya watu wanaoruhusiwa kumwandikia: mimi, mwalimu wake wa shule, na dada yangu Nono. Juu ya hayo yote niliweka neno la siri, na bila neno hilo orodha haiguswi.

Wiki iliyopita tuliiacha hadithi Jumamosi mchana, nikiwa nimeifungua orodha ile kuitazama tu, kama mama anavyowahesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Nilikuta jina ambalo sikuliandika mimi.

Liliandikwa: Papa.

Nililisoma kama nilivyokuwa nikisoma zamani, herufi kwa herufi, nikitumaini kwamba mwishoni litatoka neno lingine. Halikutoka.

Gaëlle alikuwa uani anaosha sahani. Nikamwita. Alikuja akifuta mikono kwenye gauni.

"Huyu ni nani?"

Alitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi. Hakuogopa. Hilo ndilo lililonichoma kwanza.

"Ni Papa."

"Papa gani?"

"Mama, niko na bapapa bangapi?"

"Papa yako alikufwa, Gaëlle."

"Tulizika koti," akasema. "Miye nilikuwa pale. Niliona. Ilikuwa koti."

Nilikaa. Nilimwambia afungue barua zote alizoandikiwa na huyo Papa. Alisita kidogo, si kwa hofu, bali kama mtu anayeombwa kuonyesha zawadi kabla ya siku yake.

Ya kwanza ilisema hivi: "Mutoto wa Mvua, ni miye. Usiogope. Bavuvi balinitoa mu mayi, ku ngambo ya Zambia. Niligonjwa sana, nikasahau mpaka jina yangu. Sasa akili imerudia. Niko Sakania, ku mupaka."

Mutoto wa Mvua. Gaëlle alizaliwa siku ya mvua kubwa, barabara imefurika, na baba yake alimbeba kutoka hospitali akiwa ndani ya maji mpaka magoti. Tangu siku hiyo alimwita hivyo.

Nyingine: "Alama ya mafuta ya moto ku mukono wangu ingali pale. Unakumbuka ulikuwa unaibusu ili ipone?"

Nyingine: "Usimwambie Mama kwanza. Alinililia, akamaliza kulia. Nitamwambia miye mwenyewe, macho kwa macho. Hii iko siri yetu."

Na ya mwisho, ya jana yake: "Kuya Alhamisi na treni ya Sakania. Tantine moja atakungojea pa gare. Amefunga kitambaa ya kijani ku kichwa. Usibebe kitu. Usiage muntu."

Nilimgeukia.

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilisema nitakuya. Barua zangu alisema nikizituma nizifute."

"Ungeenda bila kuniambia?"

"Ningemuleta hapa," akasema. "Ulikuwa unaomba kila siku. Nilitaka ufungue mulango, umuone."

Ee Mungu wangu. Mtoto alitaka kuwa jibu la maombi yangu.

Sikumpiga. Sikupiga kelele. Niliifunga kompyuta katika kitenge, nikamshika Gaëlle mkono, tukaenda Kasapa kumtafuta mwalimu wangu.

Mwalimu Aimé ni kijana aliyesoma pale chuo kikuu, na jioni anatufundisha sisi wazazi katika ukumbi wa parokia. Tulimkuta nyumbani kwake akila bukari, ugali wa huku kwetu, miguu peku.

"Mama Kapinga, hata Jumamosi?" akacheka. "Kama banafunzi bote bangekuwa kama weye, ningekuwa nimeisha kufwa na kazi."

Sikucheka. Akasukuma sahani kando.

Aliitazama kompyuta kwa muda. Aligusa hapa, akagusa pale, akarudi nyuma. Gaëlle alikaa kwenye benchi la mlangoni, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeletwa mahakamani bila kosa.

"Mulango haukuvunjwa," Aimé akasema mwishoni. "Huyu muntu aliingia na funguo. Aliingia mu compte yako, akaunti yako weye mama, akajiandika ku orodha, akatoka. Hana lazima ya kufika ku nyumba. Anaweza kuwa popote. Nani anajua mot de passe yako, neno yako ya siri?"

"Hakuna. Miye na Mungu."

"Mungu hakuandika hii."

"Aimé, usinichezee."

"Sikuchezei, mama. Iandike hapa, nione kama ni nyepesi."

Nililiandika kwenye karatasi. Nilijivunia neno lile. Mwenyewe alitufundisha darasani kwamba neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala siku ya kuzaliwa, na liwe neno ambalo mwenyewe hutalisahau. Langu lilikuwa refu kuliko ya darasa zima.

Aimé alisoma: MunguHakunisahau.

Akainua uso polepole.

"Mama," akasema, "hii si njo jina ya ordi, ya kompyuta yako?"

Hapa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza asilijue.

Katika kanisa letu, kitu kipya hakitumiwi kabla ya kuletwa mbele za Mungu. Cherehani, pikipiki, hata friji. Unakibeba mpaka mbele, Pasta anakipaka mafuta, anakuuliza jina lake. Kila kitu kinapewa jina la baraka. Kisha kanisa zima linaliita jina hilo mara tatu, ili kitu hicho kijulikane ni cha nani, na yule mwovu asikidai. Halafu mwenye kitu anatoa ushuhuda. Na ushuhuda hautolewi nusu. Ukimficha Mungu sehemu ya wema aliokutendea, unamwibia.

Mimi niliipeleka kompyuta ya Gaëlle mbele, nimevaa kitenge changu cha njano. Niliipa jina la Mungu Hakunisahau.

Na neno la siri nililoweka ndani yake lilikuwa hilohilo. Sikuliweka kwa uvivu. Niliwaza hivi: kufuli la roho na kufuli la mashine yawe kitu kimoja, nani ataweza kupita?

"Lakini sikusema kanisani kama ni neno la siri," nikamwambia Aimé. "Nilisema ni jina tu."

Alichukua simu yake, akatafuta, akaniwekea mezani.

Nilikuwa mimi. Kitenge cha njano, maikrofoni mkononi. Kanisa letu linapiga video ya kila ushuhuda na kuituma kwa watu. Hiyo nilijua. Sikujua imefika kwa Aimé.

"Alinitumia mama yangu," akasema. "Aliniandikia: tazama mwanafunzi wako anavyokusifia."

Kweli nilimsifu. Nilimtaja kwa jina. Na baada ya kumsifu, nilisikia sauti yangu ikisema, kwa furaha: "Nimeifunga kwa jina lake lenyewe. Jina lake ndilo kufuli lake. Shetani atajaribu mlango, hatapita."

Kanisa lilipiga makofi. Kisha wote wakaita, wakubwa kwa watoto, mara tatu: Mungu Hakunisahau.

Chini ya video waliandika anwani yangu ya barua pepe, ili wenye kuguswa waniandikie. Niliiomba mwenyewe iwekwe. Nilikuwa mama pekee katika kundi letu mwenye anwani.

"Ulifunga mulango muzuri sana, mama," Aimé akasema kwa upole. "Kisha ukaita bantu bote kuona funguo."

Nilitaka azime. Hakuzima. Aliiacha iendelee, na sasa ndiyo ikafika sehemu ya Floribert. Nilieleza yote. Mvua ya siku ile, maji mpaka magoti, jina la Mutoto wa Mvua. Mafuta ya moto na alama ya mkononi. Jinsi Gaëlle alivyokuwa akiibusu. Koti tulilozika.

Kila neno la yule Papa lilikuwa limetoka kinywani mwangu.

Nilimtazama Gaëlle. Alikuwa amesimama nyuma yetu; sikujua ameondoka kwenye benchi saa ngapi. Aliangalia simu ile, mama yake wa njano akiongea.

"Huyu muntu hajui papa yako, leki, mudogo wangu," Aimé akamwambia. "Anajua video."

Gaëlle akarudi kukaa.

Aimé alinifanya nibadilishe kila kitu. Alisimama akageukia ukuta nilipokuwa naandika neno jipya.

"Usiniambie," akasema kwa ukuta. "Hata miye."

"Hata Pasta?"

"Hata Pasta."

"Na akiniuliza jina ya ordi?"

"Mupatie jina. Jina iko ya kuitwa. Mot de passe haiitwe."

Alitoa jina la Papa katika orodha. Nilishukuru, nikadhani yamekwisha. Lakini alisema barua zake zisifutwe hata moja, kwa sababu Jumatatu tutazipeleka polisi. Aliacha njia moja upande wangu, ya kuzisoma tu.

"Na neno moja, mama. Musimujibu. Weye wala mutoto. Ukimujibu, unamupatia kamba ya kukuvuta."

"Nimesikia, mwalimu."

"Sema tena."

"Hatutamjibu."

Njiani nilimnunulia Gaëlle mandazi, akayabeba mpaka nyumbani bila kuyala.

Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata Pasta Ruben nyuma ya madhabahu.

"Pasta, naomba video yangu iondolewe."

"Mama Gaëlle, ushuhuda ule umefika mpaka Ubelgiji. Bantu banaandika, banalia."

"Mmoja kati ya hao wanaolia anamtaka mtoto wangu."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na namshuhudia kwamba hakujitetea. Alitoa simu, akaifuta mbele yangu. Kisha akabaki ameishika tu.

"Ya kwetu nimefuta," akasema. "Zile bantu balizotumiana, mama, siwezi kuzifuata."

"Najua, Pasta."

"Tuipatie ordi jina mupya?"

"Hapana. Safari hii tuombe kimya."

Tuliomba kimya. Nilipofumbua macho nilimwona Gaëlle mbele ya kanisa, mahali pale pale niliposimama na kitenge cha njano. Alikuwa anatazama viti vitupu, kama anayetafuta ni nani kati ya waliokaa pale aliyesikia vizuri kuliko wengine.

Nyumbani nilipika samaki, akamsukuma pembeni ya sahani.

"Kula, mama yangu," nikamwambia. Namwita hivyo ninapotaka kumbembeleza. Ana jina la mama yangu mzazi.

"Mwalimu Aimé anasema ni bongo yote."

"Ndiyo, ni uongo."

"Na weye?"

"Na mimi."

Alichora kwa kidole kwenye mchuzi.

"Alafu kama si bongo? Kama Papa mwenyewe aliona ile video? Kama iko Sakania, hana njia, akaona weye, bibi yake, mu simu ya muntu, na funguo ya kuniandikia? Angefanya nini?"

Nilisogeza sahani yake karibu naye.

"Muvuvi mwingine alipatikana ku Zambia," akaendelea. "Nilisikia bantu banasema pa matanga. Kisha miezi mingi alirudia ku bibi yake."

"Gaëlle, yule aliokotwa siku ileile boti yake ilipozama, na watu wakamjua."

"Tumuulize kitu moja tu. Kitu haiko mu video. Kitu hujasema kanisani hata siku moja. Akikosa, basi ni bongo, sitamuita tena Papa."

"Mwalimu alikataza tusimujibu."

"Mwalimu papa yake iko ku nyumba anakunywa chai."

Ndugu msomaji, nimeahidi kusema kweli katika kurasa hizi, nami nitaisema ijapokuwa inaniaibisha. Si Gaëlle peke yake aliyetaka kuuliza. Tangu Jumamosi, kila nilipopiga magoti kumwombea mtoto alindwe, chini ya ombi hilo kulikuwa na ombi lingine, dogo, lililojificha kama mtoto chini ya meza. Lilisema: na kama ni yeye?

Nilinawa mikono yangu kama ninayetaka kushika kitu kitakatifu. Nikaifungua kompyuta. Nikamrudisha Papa katika orodha kwa neno langu jipya, lile ambalo hakuna aliyelijua ila mimi na Mungu.

Kuna kitu kimoja sikukitolea ushuhuda kamwe. Si kwamba nilimwibia Mungu. Nilikiacha kwa sababu, baada ya kuwapa watu kila kitu cha Floribert, mimi nilibaki sina kitu.

Asubuhi ile ya kuondoka, alikuwa amekwisha kufika barabarani na mzigo wake. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, Gaëlle amelala mkekani. Floribert akarudi. Alivua saa yake ya mkono, saa iliyokufa zamani ambayo aliivaa kwa ajili ya heshima tu, akafungua mkebe wa unga, akaizika ndani.

"Sasa unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nikirudi nitaiuliza saa ngapi," akasema. Akacheka, akaenda.

Saa iko katika mkebe mpaka leo. Unga ukiisha naitoa, nanunua mwingine, naizika tena. Hakuna anayejua. Hata Nono dada yangu.

Niliandika polepole, kidole kimoja, Gaëlle ameegemea bega langu: "Kama weye ni Floribert, asubuhi ile ulirudia ku nyumba kufanya nini?"

Nilihisi bega lake likikakamaa. Nilidhani ni hofu.

Tulingoja. Jirani alikuwa anapiga redio. Mtu alipita barabarani akiuza maji. Nilikuwa naomba, na nawaambieni sikujua naomba jibu gani.

Kompyuta ikalia.

"Nilirudia kuacha saa yangu mu mukebe ya bunga," ilisema. "Nilikuambia nikirudi nitaiuliza saa ngapi."

Maneno yalikuwa yale yale. Niliyasoma kwa sauti yake, na sauti yake, ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau, ilirudi yote, na kicheko juu yake.

Gaëlle hakutazama kioo. Alikuwa ananitazama usoni.

"Ni kweli ao ni bongo?"

Fikirini nilichoona kwa wakati ule. Niliona Floribert, yuko Sakania, amekonda, ananingoja. Kisha nikaona gare, na mwanamke wa kitambaa cha kijani anamshika mtoto wangu mkono, na treni inaondoka. Vyote viwili niliviona kwa jicho moja. Nikisema ni kweli, Alhamisi hakuna kamba itakayomfunga Gaëlle. Nikisema ni uongo, na kama ni yeye, nimemzika mume wangu mara ya pili, na mara hii si koti.

Maisha yangu yote nimemfundisha mtoto huyu kwamba katika nyumba yetu hatudanganyi. Ndiyo sheria ya kwanza, kabla ya kuosha miguu, kabla ya kusali.

"Ni bongo," nikasema. "Papa yako hakurudia kitu. Alienda tu."

Gaëlle hakulia. Hakubisha. Aliondoka begani kwangu, akaingia jikoni. Nikasikia kifuniko cha mkebe kikifunguka.

Aliporudi mkono wake ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Aliiweka saa juu ya vitufe vya kompyuta, taratibu, na unga ukaanguka katikati ya herufi.

"Siku ile sikuwa nalala, Mama."

Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Mimi niliiangalia saa.

Ndipo wazo likanijia, na lilikuja likiwa limechelewa. Kama Gaëlle alikuwa macho asubuhi ile, basi hatukuwa wawili tuliojua. Tulikuwa watatu. Na mtoto anayemwandikia baba yake barua kila siku anamwandikia mengi. Anamkumbusha mambo. Anamwuliza: unakumbuka, Papa?

"Gaëlle," nikasema. "Habari ya saa hii, uliwahi kumwandikia?"

Aliinua macho. Swali lile, kama ningelitoa kabla ya uongo wangu, angelijibu mara moja, kwa sababu hajawahi kunificha kitu nilichomwuliza. Sasa alilitazama kama sarafu anayopewa na mtu asiyemjua.

"Weye njo ulisema hakurudia kitu," akasema. "Sasa unaniuliza habari ya saa gani?"

"Nilikuwa naogopa. Niambie, mwanangu. Ulimwandikia?"

"Nikikuambia ndiyo, utafurahi, utasema si Papa. Nikikuambia hapana, utasema ni bongo. Juu ya nini unaniuliza?"

"Kwa sababu nataka kujua kama baba yako yuko hai."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti. Gaëlle alinisogelea, nami nikadhani sasa atasema. Alifungua kinywa.

Kompyuta ikalia tena.

Tuliinama wote wawili. Gaëlle alipangusa kioo kwa kiganja chake chenye unga, na unga ukatapakaa, tukasoma katikati yake:

"Mutoto wa Mvua, Mama anasema nini?"

Niliweka mkono kwenye kifuniko cha kompyuta ili nikifunge. Gaëlle aliweka wake juu ya wangu, hakukisukuma, aliuacha tu pale, mweupe na mwepesi. Saa ya Floribert ilikuwa katikati yetu.

"Nimujibu nini, Mama?" akaniuliza. "Nimuandikie kama unasema nini?"